Siafu Chumbani kwa Baba Mkwe

Nikimsikia mtu analalamika kwamba nyumba yake imeingiwa na siafu, kumbe ameona sisimizi kumi kwenye bakuli la sukari, damu inanichemka mpaka leo. Sisimizi si siafu. Sisimizi ni wale wadogo wanaofuata utamu. Ukiondoa utamu na kuipangusa njia yao kwa kitambaa chenye sabuni, wanapotea wenyewe. Sungusungu ni weusi, wakubwa, wananuka, wanapita kwa safu kwenda kuvamia mchwa, na ukiwapisha hawana shida na wewe. Mchwa wenyewe hata huwaoni. Utaona njia ya udongo imepanda kwenye nguzo, na ukiigonga nguzo hiyo inalia kama debe tupu, basi ujue umechelewa. Siafu ni habari nyingine. Siafu wakishakuingia hutakuwa na nafasi ya kuuliza majina.

Tofauti hizi sikufundishwa na mtu. Nilizijua katika msimu mmoja wa mvua kule Mbeya, miaka ya hamsini, wakati baba mkwe wangu alipokuja kukaa kwetu ili aamue kama nafaa kukaa na mtoto wangu mwenyewe.

Barua ilikuja kabla yake. Aliiandikisha kwa mwalimu wa kijiji chake huko Rungwe, na mume wangu alinisomea huku akirukaruka mistari, lakini nilimnyang'anya nikaisoma yote. Ilisema kwamba babu amesikia mjukuu wake wa kwanza anakulia mjini, kwenye nyumba ya kubanana, kwa mama asiyejua mila. Ilisema babu atakuja kuiona nyumba hiyo kwa macho yake, na akiona haifai atarudi na mtoto. Mtoto alikuwa wa kike, wa miaka minne. Nilimuuliza mume wangu atamjibu nini. Akasema, "Ngoja kwanza aje." Huyo ndiye mume niliyepewa. Hata moto ungeshika paa angesema tungoje kwanza.

Hiyo habari ya mama asiyejua mila ilikuwa kweli kidogo. Mimi ni Mhehe wa upande wa Tosamaganga. Kwetu baba mkwe unamheshimu, unampigia magoti kumwamkia, lakini unamwona na yeye anakuona, na maisha yanaendelea. Kwa Wanyakyusa wa kwao mume wangu haikuwa hivyo. Mkamwana na baba mkwe hawaonani. Hawakai chumba kimoja, hawasemezani, hawapitani njiani. Baba mkwe akitokea huku, mwanamke anaingia kwenye majani na kujifunika uso mpaka apite. Familia yao ilikuwa ya Kikristo, wanasali na kuimba vizuri sana, lakini kwa mwiko huo hawakuwa na mchezo. Siku ya harusi yangu nilijifunika kanga gubigubi, na tangu siku hiyo sikuwa nimemwona mzee huyo hata kisigino.

Sasa mtu wa namna hiyo anakuja kukaa kwenye nyumba ya vyumba viwili na sebule. Mume wangu, ambaye alikuwa dereva wa lori la kokoto za barabara, alitundika jamvi katikati ya sebule. Upande wa barabarani na chumba cha mbele vikawa vya baba yake. Upande wa nyuma ukawa wangu. Jiko lilikuwa nje, choo kilikuwa nje, na mzee alipenda kuweka kiti chake mlangoni, akitazama uani. Kwenda chooni nilizunguka nyumba nzima kwa nyuma, nikapita katikati ya mahindi, nimeinama kama mwizi, kwenye uwanja niliofyeka kwa mikono yangu.

Na niliufyeka kweli. Kabla hajafika nilifanya kazi wiki nzima, maana nilijua mtu anayekuja kutafuta kasoro huanza na wadudu. Majani yote ya karibu na ukuta niliyakata. Kuni ambazo mume wangu alikuwa amezipanga kando ya ukuta nilizihamishia mbali, kwa sababu kuni zilizoegemea ukuta ni daraja la mchwa, na nilikwisha kumwambia hivyo mara tatu. Nyufa niliziziba kwa udongo. Sakafu niliipiga samadi na udongo mwekundu ikang'aa. Nilizungusha majivu nyumba nzima. Na kitanda cha mgeni nilikisimamisha kwenye makopo manne, kila mguu ndani ya kopo, nikatia maji na mafuta ya taa juu yake. Hakuna mdudu anayeweza kupanda kitanda hicho labda awe na mabawa.

Mzee alifika mchana kwa basi, akaona makopo, na kabla ya jioni akawa ameyatoa. Nilimsikia kupitia jamvi akimwambia mwanawe, kwa kile Kiswahili alichojifunza alipokuwa akichimba dhahabu Lupa.

"Hii kitanda inasimama kwenye maji kama bata. Mtu akilala hapa si ataamka na baridi kwenye mifupa?"

"Ni ya kuzuia wadudu, tata," mume wangu akasema.

"Kumbe iko wadudu!"

Nilitaka kulia. Ile dawa ndiyo imekuwa ushahidi wa ugonjwa.

Siku tatu zilipita shwari. Chakula nilikuwa nakiweka kwenye kigoda karibu na jamvi, nakohoa, naondoka, na yeye anakuja kukichukua. Mtoto ndiye aliyekuwa na nchi mbili. Alishinda upande wa babu yake, anarudi kwangu kula, anakwenda tena. Alimpenda sana. Hilo nalo liliniuma, maana ningependa angalau amuogope kidogo.

Siku ya nne nikaona sisimizi. Walikuwa wanapita chini ya ukuta wa chumba cha mzee, wanakatiza sebule upande wangu, wanatokea nyuma karibu na shimo la taka. Mstari mwembamba lakini mrefu. Jioni ile ile nilisikia upande wa pili wa jamvi, "Nyumba ya mke wako iko na wadudu. Kwetu mtoto halali na wadudu." Kana kwamba kule Rungwe, na migomba yake yote ile na mvua isiyokatika, sisimizi huingia kwa kibali!

Watu wengi wakiona sisimizi wanafagia wale waliopo mbele yao na kujipongeza. Hilo ni kosa. Ukiua walio katikati, wengine wanakuja nusu saa baadaye. Kwanza piga magoti uangalie wanaobeba mzigo wanaelekea wapi, halafu ugeuke ufuate wanaokuja mikono mitupu, maana hao ndio wanaokwenda kwenye chakula. Nilipiga magoti. Wenye mizigo walikuwa wanatoka chumbani kwa mzee. Wasio na kitu walikuwa wanaingia. Chakula kilikuwa kwake, si kwangu. Mimi nilikuwa njia tu.

Nilimwita mtoto nikamuuliza babu ana nini chumbani.

"Ndizi," akasema.

"Ndizi gani?"

"Ndizi zangu za kula kwenye basi. Ziko chini ya kitanda, zimefunikwa majani. Babu amesema zikiiva zote tunaondoka."

Nilibaki pale pale sakafuni. Alikuwa amekuja na mkungu mzima kutoka nyumbani, ameuficha chini ya kitanda uive, wa kumlisha mwanangu njiani. Barua ilisema anakuja kuona ndipo aamue, kumbe alishaamua kabla ya kupanda basi. Na ndizi hizo hizo, zinapoiva na kupasuka, ndizo zilizokuwa zinaita wadudu wa kuthibitisha kwamba nyumba yangu haifai. Nilikuwa nahukumiwa kwa ndizi za hakimu.

Chumba hicho nisingeweza kukifagia. Mzee hakutoka humo isipokuwa kukaa mlangoni pake, na mimi sikuruhusiwa kuingia akiwepo. Mume wangu aliporudi nilimvuta jikoni.

"Kamwambie baba yako azitoe ndizi zile."

"Siwezi kumwambia baba atoe vitu vyake, mama mtoto."

"Basi ingia uzitoe wewe."

"Nitaingiaje chini ya kitanda cha baba yangu?"

"Kwa magoti! Kama mimi ninavyopita kwenye mahindi kwenda chooni!"

"Ngoja kwanza," akasema. "Kesho naenda Chunya na lori. Nikirudi tutaona."

Akaenda Chunya siku nne, akaniacha mimi, baba yake, mtoto na mkungu wa ndizi.

Nilijaribu kwa adabu niliyobaki nayo. Nilikuwa nimewasikia wanawake wa kwao wakizungumza na kitu kingine ili mkwe asikie, basi nikasimama nyuma ya jiko nikamsemesha kuku wangu kwa sauti kubwa.

"Wewe kuku, ungekuwa na akili ungejua ndizi mbivu hazikai chini ya kitanda. Zinaita sisimizi, na zikioza zinaita mende."

Nikamsikia mzee anamwambia mtoto, naye kwa sauti kubwa, "Mwambie huyo kuku, kwetu ndizi inaivia chini ya kitanda tangu babu ya babu yangu. Kama iko mende, ni mende ya hapa."

Mtoto akaja mbio, akamwambia kuku.

Tuliendelea hivyo siku tatu. Mimi na kuku, yeye na mtoto, na sisimizi katikati wakipita na mizigo yao. Nilipangusa njia yao asubuhi na jioni kwa maji ya sabuni, nikatia majivu, nikatia mafuta ya taa kwenye ufa. Walihamia ufa mwingine. Mende nao wakaanza kuonekana, wale wakubwa wekundu. Usiniambie habari za uvumilivu. Nilikuwa na ufagio mkononi na adui yangu namsikia anakoroma mchana nyuma ya jamvi, na siruhusiwi kuinua kitanda.

Siku ya tisa mvua ilinyesha tangu asubuhi, ikakatika baada ya chakula cha mchana. Mzee alikuwa amelala, na mtoto amelala naye. Nilikuwa jikoni nasafisha sufuria. Nikaona panzi wanaruka kutoka kwenye majani ya upande wa mtaro, wengi kwa pamoja, kama waliofukuzwa. Kuku akapiga kelele akapanda juu ya kuni. Nikatoka nikatazama chini.

Walikuwa wanatoka mtaroni, mstari mnene wa rangi ya hudhurungi, na kila walipofika mbele walitawanyika wakipekua kila tundu. Siafu hawafuati ndizi. Wanafuata nyama, wanafuata mende, na mende walikuwa wamefuata ndizi. Majivu yangu ya kuzunguka nyumba yalikuwa yameloa na kugeuka tope. Wale wa mbele walikuwa wameshaingia chini ya ukuta wa chumba cha mzee.

Kwetu, siafu wakija, watu hutoka na kuwaachia nyumba. Saa chache wanamaliza kila panya na kila kiroboto, wanaondoka, unarudi kwenye nyumba safi. Siyo balaa hata kidogo, ilimradi uwe umetoka. Walio ndani wamelala ndio wenye balaa, hasa wazee na watoto.

Nikaita mtoto kwa jina lake. Hakuamka. Nikamwambia kuku kwa sauti ya kutisha kwamba siafu wameingia, watu watoke. Nikapiga ukuta kwa mti. Nikapiga sufuria. Baruti za kule machimboni zilikuwa zimemharibu mzee sikio moja, na bila shaka alikuwa amelalia lile zima. Nilifika mpaka kwenye jamvi, nikasimama. Nakiri kwamba nilisimama. Miaka mitano ya kufundishwa kutokuvuka haitoki mara moja. Ndipo mtoto akapiga ukelele, na mimi sikukumbuka tena kama kulikuwa na jamvi. Baadaye nilikuta nimelichana.

Kitanda kilikuwa kinatembea. Blanketi lilikuwa limeteleza mpaka sakafuni, na siafu walikuwa wanalipanda kama ngazi, wengine wanapanda miguu ya kitanda, miguu ambayo ingekuwa ndani ya makopo yangu! Mtoto alikuwa amekaa anajikwangua kichwa. Nikamnyakua, nikatoka naye, nikamvua gauni uani nikamweka juu ya kigoda, nikarudi ndani.

Mzee alikuwa ameamka. Alinitazama, nikamtazama. Uso wake ulikuwa uso wa mume wangu, umezeeka tu, na hofu iliyokuwa machoni mwake haikuwa ya siafu. Akajifunika blanketi gubigubi mpaka kichwani. Blanketi lenyewe limejaa siafu.

"Baba, toka!" nikamwambia. Ilikuwa mara ya kwanza kumsemesha.

"Toka wewe!" akajibu humo ndani. "Usiniangalie!"

"Sikuangalii, nakutoa!"

"Mimi siko na suruali!"

"Siafu hawajali, baba!"

Alikuwa anatetemeka kwa kuumwa na bado amelishika blanketi kwa mikono yote miwili. Angeliwa pale pale kwa ajili ya adabu. Sijawahi kumkasirikia mtu kama nilivyomkasirikia yeye dakika ile. Nikamshika pamoja na blanketi lake, nikamvuta mpaka miguu ikagusa sakafu, nikamsukuma mbele yangu kama gunia la mahindi, kupita sebuleni, kupita mlangoni, mpaka uani. Hapo nikageuka, nikavua kanga ya begani nikaitupa nyuma bila kutazama.

"Tupa blanketi, jifunge hiyo."

Nikasikia blanketi linaanguka.

Tulikaa uani mpaka jua lilipoinama, mimi nimempa mgongo, yeye amenipa mgongo, mtoto katikati yetu. Mtoto aliacha kulia akaanza kutuchambua. Anatoa siafu kwa babu, anatoa siafu kwangu, anahesabu kwa sauti, anakosea kuhesabu. Vichwa vyao vinabaki vimeng'ata hata ukivuta mwili. Nilikuwa nawaza kwamba sasa nimekwisha. Wadudu alikuwa nao, na sasa ana kosa kubwa kuliko wadudu. Nimeingia chumbani kwake, nimemwita, nimemshika, nimemwona. Barua ilisema mama asiyejua mila, na huyu hapa, amethibitisha mwenyewe kwa mikono yake. Ndizi zilikuwa zimeiva.

Lori likaja kabla giza halijaingia. Mume wangu akashuka akamkuta baba yake ameketi juu ya gogo amevaa kanga yangu, mguu umevimba. Nilikuwa nimeingia jikoni na mtoto, nimekaa kwenye majivu, nimemzungushia mikono yangu kiunoni. Nilisema moyoni kwamba wakija kumchukua watanichukua na mimi pamoja na mafiga.

Nilitegemea waongee Kinyakyusa. Mzee siku zote akiwa na jambo zito na mwanawe aliongea lugha yao. Jioni ile aliongea Kiswahili, taratibu, na kwa sauti ya kufika jikoni.

"Mwanangu, mimi nilikuja kuchukua mtoto hii. Unajua."

"Najua, tata."

"Kule nyumbani niko na wakamwana wanne. Wote wana adabu. Hakuna hata moja imewahi kuniona uso." Akajikuna mguu. "Hii kitu ingetokea kule, mama yako akiwa shambani, mimi na mtoto tuko ndani. Wale wanne wangesimama nje. Wangelia sana. Wangelia kwa adabu mpaka mama yako arudi."

Mume wangu akavua kofia.

"Mtoto inabaki na mama yake," mzee akasema.

Machozi yalinitoka, na sehemu kubwa ilikuwa hasira. Siku tisa! Siku tisa za kunyata kwenye mahindi, za kumsemesha kuku, za majivu na sabuni na mafuta ya taa, na mzee huyu alikuwa na uwezo wa kusema sentensi kama hiyo muda wote. Mtoto alinipangusa uso kwa kiganja kichafu akaniuliza siafu yuko wapi, akidhani nimeng'atwa.

Mume wangu akaja akasimama kwenye mlango wa jiko, kofia mkononi. Akauliza kama nimesikia aliyosema baba, au anieleze. Nikamwambia nimesikia, sina uziwi, asogee asinizibie mwanga, mtoto bado ana vichwa vya siafu kwenye nywele.